Deni lililoongezeka baada ya msamaha: kisa cha mhazini wa mwaloni

Mhazini wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, kwenye mwalo mmoja (mahali boti za uvuvi zinapotia nanga) upande wa Ilemela, Mwanza, alitaja deni lake mara mbili. Mara ya kwanza, mbele ya wazee wa kanisa, alisema amechukua shilingi 1,840,000. Wiki tatu baadaye, bila kushurutishwa na mtu, akaandika kwa mkono wake 2,310,000. Kati ya siku hizo mbili hapakufanyika ukaguzi wala hakujitokeza shahidi mpya. Kilichotokea ni kwamba aliambiwa, na akaamini, kuwa Mungu amekwisha kumpokea kwa ajili ya Kristo kabla hajalipa hata senti.

Uchambuzi huu unahusu ile tofauti ya 470,000. Kisa tumekiunganisha kutokana na mambo yanayojirudia katika huduma ya ushauri kwenye makanisa ya kandokando ya Ziwa, kwa hiyo hakimwelezi mtu fulani wala kanisa fulani, na kiasi cha fedha kimepangwa ili hesabu ifuatike. Kimeandikwa kwa ajili ya wachungaji, makatekista, wazee wa kanisa na viongozi wa vikundi, ambao huletewa mambo ya namna hii kila mwaka siku za mgawo, yaani za wanachama kugawana akiba, zinapokaribia.

Fedha ilivyopotea

Kikundi kina wanachama 28. Hisa moja ni shilingi 5,000, na mwanachama hununua hisa moja hadi tano kila kikao. Mkopo hauzidi mara tatu ya akiba, na mgawo hufanyika mzunguko wa miezi 12 unapokwisha. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zake zinakaa kwa watu watatu tofauti. Kwa utaratibu huo, ndani ya sanduku hakuna pa kuibia.

Mwanya ulikuwa nje ya sanduku. Wakati wa giza, yaani zile siku za kila mwezi ambazo usiku hauna mbalamwezi, wavuvi wanapoingia ziwani na taa kuwavuta dagaa, akina mama wengi hawafiki kikaoni. Alfajiri wako ufukweni wanapokea mzigo, mchana wanaanika na kugeuza. Wakazoea kumpa mhazini marejesho yao njiani, au kumtumia kwa simu. Alikuwa akiwaandikia kwenye vitabu vyao vya uanachama, lakini kwenye leja ya kikundi haandiki, na fedha hazifiki kikaoni. Kwa wanachama watatu wasioweza kusoma vizuri ilikuwa rahisi zaidi: hata vitabu vyao alikaa navyo yeye, akisema anavitunza visilowe.

Fedha hizo alinunulia dagaa wabichi kwa matumaini ya kuuza sokoni Kirumba, Mwanza, ndani ya siku chache na kurudisha kabla ya kikao. Mara mbili za mwanzo ikawezekana. Mara ya tatu mvua ikamkuta dagaa wakiwa mchangani. Dagaa waliokosa jua wakaoza hawanunuliwi tena kwa chakula cha watu, huishia kwenye chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Akachukua fedha nyingine azibe pengo, na tangu hapo kila giza likazaa pengo jipya.

Tumeyaeleza haya kwa urefu kwa makusudi. Mshauri asiyejua dhambi ilivyotendeka hutangaza msamaha wa jumla juu ya kosa la jumla, na mwenye dhambi anaondoka na lile lenyewe likiwa bado liko mfukoni.

Malipo aliyojitwisha

Pengo lilipogundulika zikiwa zimebaki wiki mbili kufikia mgawo, mhazini aliacha kuja ibadani. Akaanza kufunga siku tatu kila wiki. Akaenda kwenye maombi mjini, akaambiwa kinachomwandama ni laana ya ukoo, na kwamba inahitaji sadaka ya kuivunja. Akauza paneli ya sola ya nyumbani, akaongeza kwa kukopa, akatoa 300,000. Usingizi haukurudi.

Kufunga ni jambo jema, na hakuna anayekataza kutoa. Kilichoharibika ni kazi aliyoyapa hayo mawili: alitaka yalipe. Na ile 300,000, tuseme wazi, haikuwa yake kuitoa. Mtu mwenye deni la wajane mkononi akipeleka fedha madhabahuni kwanza, anatoa mali ya wajane. Yesu ameliweka bayana kwenye Mathayo 5:23-24: ukikumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, "iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako". Anayepokea sadaka ya namna hiyo huku akijua ilikotoka ana sehemu yake katika dhuluma hiyo.

Aliporudi kwenye kanisa lake, wazee walimwita. Akataja 1,840,000. Wakaamua akae benchi la nyuma, asishiriki Meza ya Bwana wala kuimba kwaya mpaka deni litakapokwisha. Mzee mmoja alipinga kwa hoja ya upande wa pili: kikundi ni cha kanisa, basi akina mama wasamehe tu, kwa sababu neema ndiyo hiyo.

Maoni yote mawili yalitoka kwa watu wenye nia njema, na yote mawili yalikuwa na kasoro ileile ya kuziona fedha na kukubaliwa kama kitu kimoja. Wengi waliona kwamba deni likiisha ndipo mtu akubaliwe. Yule mmoja aliona kwamba mtu akikubaliwa deni nalo limekwisha. La pili ndilo linalotuumiza zaidi, kwa sababu husemwa kwa lugha tamu na mtu asiyepoteza chochote. Mzee yule hakuwa na hisa hata moja kwenye sanduku lile.

Sasa turudi kwenye 470,000. Kwa nini zilifichwa? Ukizipanga zile fedha kwa majina, jibu linajitokeza lenyewe. Shilingi 1,840,000 zilikuwa za wanachama 24 waliokuwa na vitabu vyao mkononi, ambao wangeweza kuthibitisha kila walichompa. Shilingi 470,000 zilikuwa za wale watatu ambao vitabu vyao alikaa navyo yeye: 200,000, 150,000 na 120,000. Aliungama kile tu kilichokuwa na ushahidi.

Ndivyo moyo unavyofanya mahali popote ambapo kukubaliwa kuna bei. Kama kila laki inayotajwa inarefusha muda wa kukaa benchi la nyuma, mtu atataja laki chache awezavyo. Marudi yale, yaani adhabu ya kanisa ya kumrekebisha mtu, yalikusudiwa kuleta ukweli, na mpangilio wake ukawa unalipa uongo. Zaburi 32:3 inaeleza gharama ya kukaa hivyo: "Niliponyamaza mifupa yangu imechakaa, kwa kuugua kwangu mchana kutwa."

Kikao cha kwanza, bila kuuliza kiasi

Kikao kinachopendekezwa kwa hali kama hii ni cha watu watatu: mchungaji, mama mmoja mzee wa kanisa mwenye kifua, na mhusika. Mchungaji wa kiume asikae peke yake na mama kwenye shauri zito kama hili. Mahali pasiwe ofisi iliyopakana na chumba cha kwaya, wala kule mwaloni ambako kila mtu anasikia. Tengeni dakika 90. Asije mtu na leja, karatasi wala kalamu, na mtu yeyote asiulize kiasi. Kiasi kikiulizwa siku ya kwanza, kikao kinageuka mahakama na mtu anarudi kwenye hesabu ya kujikinga.

Somo ni Luka 15:11-24, lisomwe taratibu. Wengi wanakijua kisa hiki kwa kichwa, na kwa sababu hiyo hawakisomi. Mwana mpotevu alipanga hotuba akiwa bado kwa nguruwe (aya ya 18 na 19), na ina sehemu tatu: nimekosa, sistahili kuitwa mwana wako, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Mhusika asome hotuba hiyo, kisha asome aya ya 21, aone kilichosemwa kweli mbele ya baba.

"Mwanangu, soma tena hapo," mama mzee wa kanisa anamwambia. "Kuna kitu hakimo."

"Ile ya watumishi, mama. Hajaisema."

"Kwa nini hajaisema?"

"Baba yake kamkatiza."

Hapo mshauri anyamaze kidogo. Mhazini alikuwa amekuja na hotuba ileile. Siku tatu za kufunga kila wiki zilikuwa ombi la kibarua, na ile 300,000 ilikuwa ombi la kibarua. Alitaka Mungu amwajiri, amlipe kidogokidogo, na siku moja wamalizane. Baba wa kisa hiki anakataa mpango huo. Anaagiza vazi, pete na viatu kabla kijana hajashika jembe hata siku moja, na viatu miguuni ni vya mtoto wa nyumba.

Baada ya hapo ndipo msalaba uelezwe, na uelezwe kwa ukamilifu, la sivyo neema itaonekana kama Mungu amefumba macho. Waroma 5:8 ndiyo nguzo: "Kristo alikufa kwa ajili yetu, tulipokuwa tungali wenye dhambi." Mhazini ana wadai wawili. Mbele za Mungu hatia yake imebebwa na Kristo, imelipwa kwa damu, na hakuna funga wala sadaka inayoweza kuongeza juu yake. Mbele ya akina mama 27 deni liko palepale, na Kristo hakuja kumsaidia alikimbie. Mshauri asiyetenganisha wadai hawa wawili atamwangusha, ama kwa kumtwisha deni ambalo Kristo amelibeba, ama kwa kumfutia deni ambalo si la mshauri kulifuta.

Kwa wanaoogopa kwamba haya ni mafundisho ya kanisa moja dhidi ya lingine: tarehe 31 Oktoba 1999, kule Augsburg, Ujerumani, Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi Tamko la Pamoja juu ya fundisho la kuhesabiwa haki, na Wamethodisti wakaliunga mkono mwaka 2006. Humo wanakiri pamoja kwamba mtu anakubaliwa na Mungu kwa neema tu, katika imani kwa kazi ya Kristo, si kwa stahili yake, na kwamba anampokea Roho Mtakatifu anayeufanya upya moyo na kumwita kwenye matendo mema. Tofauti zilizobaki ni za kweli, na hatuzidharau. Lakini katekista wa Kikatoliki akimpeleka mtu kwenye ungamo, naye anatakiwa kufuata njia hiyohiyo: Katekisimu ya Kanisa Katoliki, aya ya 1459, inasema maondoleo anayotoa padre huiondoa dhambi, ila hayaponyi madhara yote iliyoyaleta, na mtu lazima afanye awezayo kurekebisha, kama vile kurudisha kilichoibwa.

Mahali ambapo kikao hiki huharibika panajulikana. Mshauri mwenye haraka husema "Mungu amekusamehe" dakika ya tano, kabla mtu hajapata nafasi ya kusema ametenda nini, na neno hilo linapita juu bila kuingia. Mwingine hudai machozi, akidhani ndiyo toba. Paulo anatofautisha huzuni mbili kwenye 2 Wakorintho 7:10: ile iliyo kwa jinsi ya Mungu huleta toba na wokovu, na ile ya dunia "hufanya mauti". Mhazini alikuwa amelia miezi mingi, na kilio chote kilikuwa cha kuonekana. Na pale ambapo mtu hali chakula, hapati usingizi kwa wiki, au anatamka kwamba afadhali afe, kikao cha Biblia peke yake hakitoshi. Asiachwe peke yake siku hiyo, na apelekwe hospitali. Hospitali ya Bugando, Mwanza, ina idara ya afya ya akili. Kumpeleka huko si upungufu wa imani.

Kikao kifungwe kwa mtu kusoma Waroma 8:1 kwa sauti, akiweka jina lake mahali pa "walio katika Kristo Yesu", kisha sala fupi. Asipewe kazi yoyote ya kufanya kabla ya kikao kijacho. Hilo huwashangaza wengi, maana tumezoea kumpa mwenye dhambi ratiba.

Karatasi ya kikao cha pili

Kwenye kikao cha pili mhazini alikuja na karatasi ya daftari aliyoipiga mistari mwenyewe: jina, kiasi, mwezi. Jumla 2,310,000. Yale majina matatu ya mwisho ndiyo yaliyokuwa hayajulikani, na vile vitabu vitatu alikuja navyo vimefungwa kwenye mfuko wa plastiki.

Zakayo alipita njia hiyo. Kwenye Luka 19 Yesu anamwambia ashuke upesi kwa sababu leo imempasa kushinda nyumbani mwake (aya ya 5). Watu wananung'unika. Halafu, bila mtu kumdai hesabu, Zakayo anasimama na kusema nusu ya mali yake anawapa maskini, na aliyemnyang'anya kwa hila anamrudishia mara nne (aya ya 8). Kama Yesu angeanza na hesabu, Yeriko yote ingekuwa upande wake, na Zakayo angebaki juu ya mkuyu. Mgeni aliingia nyumbani kwanza, fedha zikatoka baadaye.

Hatudai kwamba kila anayesikia habari ya neema huongeza kiasi. Wapo wanaoisikia wakapunguza. Kwa hao Paulo ana jibu: Tito 2:11-12 inasema neema iyo hiyo "yatufundisha kukataa ubaya". Mtu ambaye neema haijamfundisha chochote, huenda bado hajaipokea, amepokea ruhusa tu. Mshauri anaweza kuipima tofauti bila kumchungulia mtu moyoni, kwa kutazama kama ukweli unaongezeka au unapungua pale ambapo hakuna anayekagua.

Kulipa giza kwa giza

Kabla ya mkataba, mume aliambiwa. Mhazini mwenyewe ndiye aliyemweleza, mama mzee wa kanisa akiwa amekaa pale. Hilo halina budi kupangwa: kipato cha nyumba ni kimoja, na kama kuna hofu ya kipigo ni lazima ijulikane mapema na mtu wa kumkinga awepo. Kisha kikao cha tatu kikamkutanisha na mwenyekiti wa kikundi na wajumbe wawili, na cha nne na wale wanachama watatu, kila mmoja peke yake, akirudishiwa kitabu chake mkononi.

Mhazini alitaka kuuza chanja zake za kuanikia dagaa na mtaji wote ili atoe laki saba kwa mpigo. Akazuiwa. Ni hamaki inayowapata wengi mwanzoni, na matokeo yake yanajulikana: mtaji ukiliwa, giza la pili hakuna kipato, na mtu anakopa kwingine ili alipe. Hisa zake zilikuwa zimeshamezwa na mkopo wake halali, hivyo hapakuwa na cha kukata. Kwa hesabu ya biashara yake, akishatoa gharama za mzigo na usafiri, alikuwa anabaki na kama 190,000 kwa giza moja. Mkataba ukawekwa kwenye 110,000, nyingine ikibaki kwa chakula na ada.

Shilingi 2,310,000 kwa 110,000 ni malipo 21. Mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu hivi, kwa hiyo ni kama mwaka mmoja na miezi minane iwapo hakuna giza litakalorukwa. Mkataba ulitaja kwamba giza litakaloharibiwa na mvua atalipa nusu na muda utasogea. Wale watatu walilipwa kwanza: malipo manne ya mwanzo yalitoa 440,000, na la tano likamalizia 30,000 yao na kupeleka 80,000 kwa wengine. Iliyobaki, 1,760,000, ikagawanywa kwa malipo 16 kufuata kiasi cha kila mmoja. Fedha hulipwa kikaoni mbele ya wote na kuingia kwenye leja siku hiyohiyo, kamwe si njiani.

Torati iliagiza anayerudisha aongeze sehemu ya tano (Hesabu 5:7). Hiyo ingekuwa 462,000 zaidi. Haikuwekwa kwenye mkataba, na tunaona ilikuwa sawa. Ile mara nne ya Zakayo ilitoka kinywani mwa Zakayo. Nyongeza ikilazimishwa na kikundi inakuwa faini, na faini ina mahali pake kwenye katiba ya kikundi, isibandikwe jina la toba. Vilevile hakuna mchungaji mwenye mamlaka ya kuwazuia wanachama kwenda ofisi ya kata au polisi. Hawa walichagua mkataba. Wangechagua sheria, mhazini angekuwa bado ni mtu aliyekubaliwa na Mungu, akikabili kesi.

Tangazo ibadani lilikuwa la sentensi mbili tu: kwamba amekiri kosa la fedha mbele ya waliokosewa, na kwamba mpango wa kurudisha upo. Mduara wa kuungama ufanane na mduara wa kosa. Kanda ya Ziwa ina urithi wa Uamsho, ule mwamko wa kiroho ulioanzia Rwanda na Uganda miaka ya 1930, ambao watu wake walisisitiza kutembea nuruni na kurudisha walichoiba, na tunauheshimu sana. Lakini pale ambapo ushuhuda wa dhambi unageuka kuwa maonyesho, anayepata faida ni msikilizaji mwenye udaku.

Meza ya Bwana irudishwe lini?

Hapa wazee walibishana kwa muda mrefu kuliko mahali pengine pote. Uamuzi wa kwanza, mpaka deni litakapokwisha, ungemweka nje ya Meza karibu miaka miwili. Hoja yao ilikuwa nzito: watu wataona kanisa linacheza na wizi. Hata hivyo Paulo, akiandika juu ya mtu aliyekwisha kurudiwa Korintho, anasema adhabu aliyopewa na walio wengi yatosha, wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni ipitayo kiasi (2 Wakorintho 2:6-7). Marudi yana kusudi la kumtoa mtu gizani. Mhazini alikuwa ametoka: ameeleza yote, hata yasiyojulikana, amewakabili waliokosewa, na amejifunga kulipa. Kuendelea kumzuia kungefundisha kanisa zima kwamba Meza ile ni ya waliokwisha kulipa. Alirudishwa kundini baada ya mkataba kusainiwa, kabla ya malipo ya kwanza. Makanisa yenye taratibu nyingine yatatofautiana juu ya siku, ila kipimo kisiwe risiti.

Je, amebadilika ndani? Kwa sehemu. Anapokea simu za wanachama, ambazo zamani alizizima. Analala. Kufunga anafunga bado, mara chache, na hasemi tena kwamba ni kwa ajili ya deni. Lakini giza la nne alimwambia mwenyekiti kuwa dagaa wamelowa, ilhali aliwauza kwa bei nzuri. Hofu ya ada ya shule ilimtuma. Siku mbili baadaye akarudi mwenyewe kusema. Wapo waliosema hiyo ni dalili kwamba hakuokoka. Sisi tunaona zile siku mbili. Mwaka uliotangulia siri ya namna hiyo ilikaa miezi.

Wanaodai badiliko la usiku mmoja wamkumbuke John Newton wa Uingereza. Alimlilia Mungu katika dhoruba baharini mwaka 1748, na baada ya hapo akaendelea kusafiri na meli za watumwa hadi 1754, miaka ya mwisho akiwa nahodha. Ilipofika 1788 ndipo akachapisha maandishi ya wazi kuishutumu biashara ile. Hatusemi hivyo ili kuidogosha dhambi yake, maana watumwa walilipa gharama ya ucheleweshaji wake. Ndiyo sababu mkataba wa kulipa hauachwi kutegemea kasi ya moyo wa mtu. Neema inafanya kazi ndani kwa wakati wake, na kila giza mjane anapokea fedha yake kikaoni.

Mmoja wa wale watatu, mjane aliyedai 150,000, alikataa kutamka msamaha. Alisema alipwe kwanza, na hayo mengine atazungumza na Mungu wake. Mwenyekiti alitaka kumbana akumbuke Sala ya Bwana. Mama mzee wa kanisa akamzuia, na akafanya vema: mkosaji amepewa neema bila sharti, halafu aliyeibiwa awekewe sharti la kusamehe kwa tarehe? Msamaha wake nao utatoka kwenye chemchemi hiyohiyo, si kwenye agizo la kikao. Alilipwa yote. Bado hawasalimiani kwa furaha, wanasalimiana.

Likabaki swali la uongozi. Malipo ya kumi yalipokamilika, wanachama wachache walipendekeza mhazini arudishiwe leja, kama alama kwamba wamemsamehe kweli. Mwenyewe alikataa, na kikundi kiliandika kukataa kwake kwenye muhtasari. Kusamehewa kumemrudishia ndugu zake na Meza ya Bwana. Leja ni kazi, na kazi hutolewa kwa kuangalia nani anaiweza na inalindwaje. Anakaa kama mwanachama, ananunua hisa moja kila kikao. Vitabu vyote 28 hulala ndani ya sanduku lenye kufuli tatu, marejesho ya simu huingia kwenye namba ya kikundi inayofunguliwa na watu wawili, na wakati wa giza kikao kimesogezwa hadi saa kumi jioni, dagaa wakishaanuliwa, ili pasiwe tena na sababu ya mtu kumpa mwenzake fedha njiani.